Video Hii Imfikie Nani?

Hotuba niliyoitoa jijini Mwanza, kabla ya kuanza kutazama pamoja video za nyimbo za wasanii wanaojitegemea

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokubali kuketi nasi, wasanii, wapiga picha, na ninyi ndugu zangu mliotoka Igoma, Kirumba na Nyegezi, pamoja na mliopanda kivuko kutoka Kamanga ili mfike kabla ya giza: mwadila.

Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Najua kilichowaleta si maneno yangu, bali ni video kumi na nne zilizopangwa kwenye kompyuta ile pale, nyingi zikiwa za wasanii wasio na lebo wala meneja, na baadhi yao wakiwa hawana hata kamera zaidi ya simu waliyo nayo mfukoni. Majina yao, pamoja na ya walioshika kamera na waliohariri, yamo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni, kwa hiyo sitayarudia. Nitabaki kwenye jambo moja: tunapokutana na video nzuri, ambayo vijana huiita kichupa, au na kioja chochote cha sanaa kilichotugusa, tunampelekeaje mwenzetu?

Swali hilo linaweza kuonekana dogo, kwa kuwa siku hizi kumpelekea mtu kitu ni kugusa kioo cha simu mara mbili tu. Mimi naliona kubwa, kwa sababu maisha ya msanii anayejitegemea yamo humo. Hana fedha ya tangazo, hana mtangazaji anayemfahamu, na mitandao kwa desturi yake hutusogezea kile ambacho wengi wamekwisha kukitazama. Basi msanii huyo asipooneshwa na mtu kwa mtu, haonekani kabisa.

Naomba nianzie mbali kidogo. Walio na umri wangu na kuendelea wanazikumbuka kadi za salamu. Ulinunua kadi dukani, ukaandika jina lako na mahali ulipo, ukaorodhesha watu unaotaka salamu ziwafikie, ukachagua wimbo, na chini kabisa ukaandika ujumbe. Ukishamaliza uliituma redioni, kisha ukaanza kusubiri wiki hata wiki, huku nyumba nzima ikikatazwa kugusa kitufe cha redio saa ya kipindi ikifika. Mama yangu mdogo, ambaye sasa ni marehemu, aliishi Misungwi na alikuwa mtumaji hodari wa kadi hizo. Siku moja kadi yake ilisomwa jioni, sisi tukiwa tunakula. Alitutaja watoto wote sita kwa majina, akachagua wimbo wa zamani wa muziki wa dansi, na ujumbe wake ulikuwa huu: "Wanangu, msikilizeni huyu mpiga gitaa anavyosubiri zamu yake." Tuliacha kutafuna. Na kweli, katikati ya wimbo gitaa lile la pili lilikuwa kimya kwa muda mrefu, likiwaachia waimbaji na tarumbeta, na lilipoingia liliingia taratibu kama mgeni mwenye adabu. Hadi leo siwezi kusikiliza wimbo wa dansi bila kumtafuta yule anayesubiri zamu.

Kadi ile ilimlazimisha mtu aseme yeye ni nani, anamtumia nani, anamtumia kitu gani, na amesikia nini ndani yake hata akaona kinafaa kutumwa. Simu zetu zimetuondolea mzigo huo wote, nasi tumeutua kwa furaha bila kuona kwamba salamu yenyewe ilikuwa imo ndani ya mzigo. Unapokea video kutoka kwa ndugu yako, haina neno hata moja, imetumwa kwa watu mia mbili kwa pamoja, na hujui kama yeye mwenyewe aliitazama hadi mwisho. Huwezi kuiita hiyo zawadi.

Ninayasema haya nikiwa na deni. Kati ya mwaka 2009 na 2013 nilifanya kazi katika kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, karibu na stendi ya Buzuruga. Mteja alikuja na kadi yake ya gigabaiti 2, akasema anataka bongo flava mpya na video chache, akalipa, nasi tukamjazia. Kompyuta yetu ilikuwa na mafaili mengi sana, na majina ya mafaili hayo yalikuwa marefu, kwa sababu aliyerekodi alikuwa ameandika jina la msanii, jina la wimbo, jina la prodyuza, na mara nyingine namba ya simu ya msanii mwenyewe, akitumaini kwamba popote faili litakapofika kuna mtu atampigia. Simu za wakati ule zilikuwa na kioo kidogo ambacho hakikuonesha jina refu; wateja wakalalamika, nami nikapewa kazi ya kuyafupisha majina. Nilikaa siku tatu nikifuta. Faili baada ya faili niliandika "Kali Mpya 1", "Kali Mpya 2", hadi nikavuka mia nne.

Miezi kadhaa baadaye alikuja kijana kutoka Bwiru, akaomba tumwekee video kwenye kadi yake. Nilipokuwa nikizipitia ili achague, nilifungua namba 212, naye akanyamaza ghafla. Ilikuwa video yake. Alikuwa ameipiga juu ya mawe ya huko kwao, yale makubwa yaliyopandana, akiwa na wenzake watatu waliovaa magunia ya mkaa yaliyokatwa yakawa makoti. Mteja aliyesimama pembeni yake akasema wimbo huo anaupenda sana, ameusikia kwenye daladala na saluni, ila hajui ni wa nani. Kijana akajibu, "Ni wangu." Mteja akacheka, akidhani anatania. Ndani ya kompyuta ile hapakuwa na kitu chochote ambacho kingemsaidia kijana yule kuthibitisha maneno yake, kwa kuwa nilikuwa nimekifuta mimi, kwa mkono wangu. Nilimwomba radhi na alinisamehe. Mwaka uliofuata aliacha muziki. Sababu za kijana kuacha muziki ni nyingi, lakini nakiri kwamba mimi nilikuwa mojawapo.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua haki ya mtunzi kutajwa kuwa mwenye kazi, mbali kabisa na haki yake ya kulipwa. Hizo ni haki mbili. Hapa kwetu tunalalamika sana, tena kwa haki, juu ya ile ya malipo. Ile ya kutajwa hatuizungumzii, ilhali haitugharimu shilingi.

Sasa tuje kwenye video zenyewe, maana kabla ya kumtaja mtu lazima kwanza uwe umeona alichokifanya. Kuna watu wanaodhani kwamba video ya msanii anayejitegemea ni video iliyopungukiwa, kwamba ni ile ile ya msanii mkubwa, ila gari la kifahari halipo na jumba halikukodiwa. Wanaiangalia kwa huruma. Sisi wa kanda hii tulipaswa kuwa watu wa mwisho kufikiri hivyo. Katika ngoma za Kisukuma kuna vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, ambavyo masimulizi yanavirudisha kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa ngoma. Hadi leo, katika sherehe za Bulabo kule Bujora, Kisesa, kila mwezi Juni, makundi ya pande hizo hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Fikirini maana yake kwa mchezaji. Mtazamaji ana miguu, na akichoshwa anahamia upande wa pili. Ndiyo maana wacheza ngoma wetu wakaleta uwanjani chatu na nungunungu, wakachonga vinyago vya mbao vyenye mikono inayochezeshwa, na wakulima wa bugobogobo, ile ngoma ya majembe, wakarusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza pigo. Aliyeshinda hakushinda kwa kuwa na mali kuliko mwenzake. Alishinda kwa kuwa na wazo ambalo mwenzake hakulifikiria.

Ninapotazama video nzuri za kujitegemea kutoka nchi za mbali, naona uwanja ule ule. Mwaka 2006 bendi ya Marekani iitwayo OK Go ilitoa video ya wimbo wao "Here It Goes Again". Wanaume wanne wanacheza juu ya mashine nane za kukimbilia, zile za kwenye kumbi za mazoezi, kamera ikiwa imesimama mahali pamoja, na video yote imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukatwa. Hatua zao zilipangwa kwa msaada wa Trish Sie, dada wa mwimbaji. Mwaka uliofuata video hiyo ilipata tuzo ya Grammy. Ukiitazama mara ya kwanza utashangaa tu. Itazame mara ya pili na uangalie miguu peke yake, utaona kwamba kinachokushika ni hofu, kwa sababu unajua mmoja wao akikosea hatua moja, wote wanne watarudi mwanzo. Hofu ya namna hiyo ndiyo tunayoihisi jembe la bugobogobo linapokuwa bado liko juu.

Upo pia utaratibu wa kupiga picha moja moja na kuziunganisha mpaka vitu visivyo na uhai vionekane vinatembea. Video ya Peter Gabriel ya mwaka 1986, "Sledgehammer", ambayo studio ya Aardman ya Uingereza ilishiriki kuitengeneza, ilifanywa kwa njia hiyo, na mwimbaji alilala kwa saa nyingi chini ya kioo huku vitu vikisogezwa kidogo kidogo juu ya uso wake. Mwaka 2002 Mfaransa Michel Gondry aliwatengenezea The White Stripes video ya matofali ya kuchezea ya Lego kwa njia hiyo hiyo. Wale walikuwa na studio na wasaidizi, lakini hesabu yake haibagui: wimbo wa dakika tatu una sekunde 180, na ukitumia picha 12 kwa kila sekunde unahitaji picha 2,160. Simu yoyote ya kisasa inaweza kuzipiga. Kinachohitajika ni mtu mwenye subira, na kati ya video za leo mtaiona ya msichana wa Mabatini aliyefanya kazi hiyo kwa vizibo vya soda, juu ya meza ya mama yake, kwa wiki saba. Angalieni kivuli. Aliambiwa akifiche kivuli cha dirisha, akakataa, kwa hiyo vizibo vinacheza huku jua likichomoza na kuzama mara nyingi ndani ya wimbo mmoja.

Video ninayoipenda kuliko zote katika orodha hii ina dakika tatu na sekunde kumi na moja, na imepigwa ziwani usiku. Nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu nataka muone ninachomaanisha ninaposema kutazama.

Mnajua kwamba dagaa huvuliwa wakati wa giza, kwa maana mwezi ukiwa mkubwa mwanga wa taa haumvuti dagaa, nao wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Vijana hawa walisubiri giza kama wavuvi. Karabai zinazidi kuondoka ziwani na taa za betri na za sola zimeshika nafasi yake, lakini wao walizitafuta karabai nne kwa wazee, wakanunua mafuta na utambi, wakaziweka katika mitumbwi minne. Hakuna mwanga mwingine. Video inaanza kwa giza tupu na mlio wa utambi unaovuta hewa, ule mlio ambao aliyelelewa ufukweni anautambua hata akiwa usingizini. Kisha mtu anaanza kugonga ubavu wa mtumbwi kwa kiganja, na hilo ndilo pigo la wimbo mzima. Mwimbaji anasimama kwenye mtumbwi wa kati akiwa amefunga kanga kifuani. Tunamwona tu pale mtu aliyeketi miguuni pake anapoinua karabai. Akiishusha, uso unaondoka na sauti inabaki. Wameipanga taa hiyo iende na maneno ya wimbo, kwa hiyo kila anapoimba juu ya mume aliyekwenda visiwani, taa inashuka.

Ilipofika dakika ya pili kasoro, kundi la wadudu wa ziwani liliivamia taa. Wingu zima. Mwimbaji hakuacha. Aliinua pindo la kanga, akapunga mara moja, na kwa kupunga huko akachelewa kuingia kwenye ubeti. Hapo ndipo ninapoirudisha nyuma kila ninapoitazama: mkono wa yule anayegonga mtumbwi unabaki hewani. Anamsubiri. Pigo moja zima linapita bila sauti, mwimbaji anavuta pumzi, wanaingia pamoja. Wangeweza kurudia, kwa maana mafuta yalikuwepo na usiku ulikuwa mrefu. Walipoitazama alfajiri, wakaamua iachwe ilivyo. Niliposikia uamuzi huo kutoka kwa mhariri wao, nilimkumbuka mama yangu mdogo na gitaa lake.

Ndugu zangu, video hiyo mngeiona wapi? Mimi niliiona kwa sababu mwalimu mmoja wa Nansio alinitumia, akaandika mstari mmoja: "Kaka, angalia mkono wa anayegonga mtumbwi." Angeituma bila mstari ule, ningeitazama sekunde ishirini za giza na kuiacha.

Msidhani kwamba mkono wa mtu mmoja kwenda kwa mwingine hauwezi kufika mbali. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano iitwayo "Who Killed Captain Alex?" kwa fedha kidogo sana, akitumia kompyuta alizoziunga mwenyewe kwa vipuri. Nafasi kwenye diski yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba alilazimika kuifuta kazi hiyo ili apate mahali pa kuhariri filamu iliyofuata. Kionjo cha filamu hiyo kiliwekwa YouTube. Huko New York mtu mmoja, Alan Hofmanis, akaoneshwa kionjo hicho na rafiki yake, na hakukitazama na kusahau: alikata tiketi ya ndege, akaenda Wakaliga kumtafuta mtengenezaji, na baadaye akahamia huko kufanya kazi naye. Leo filamu hiyo inajulikana duniani kote. Ilianza na rafiki aliyesema, tazama hii.

Filamu ile ina jambo jingine ambalo sisi tunalielewa kuliko Wamarekani, nalo ni sauti ya msimulizi anayezungumza juu ya picha, akisifu, akionya na kuwataja wahusika. Wageni waliposikia wakaona ni ajabu jipya. Kwetu ni sauti ya kibanda umiza, kile kibanda cha mtaani cha kuoneshea filamu. Watafsiri wa filamu wa Tanzania, waliotusimulia filamu za Kichina na za Kihindi kwa Kiswahili cha mtaani, wakampa kila askari jina la mtaa fulani na kila jambazi tabia ya mtu tunayemjua, walikuwa wasanii kamili. Ninazikusanya kanda na diski zao kila ninapozipata, na ninaomba yeyote aliye nazo nyumbani asizitupe.

Au chukueni singeli. Ilizaliwa uswahilini, Dar es Salaam, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, ikiwa na mapigo yanayovuka 200 kwa dakika, na kwa miaka mingi wenye redio na wenye lebo waliona ni kelele za watoto. Kampala kukawa na watu walioisikiliza kwa masikio mengine. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na baada ya hapo vijana wa singeli wakaanza kualikwa kwenye majukwaa ya Ulaya. Jina la lebo hiyo linatutia haya Waswahili, lakini kwa Kiganda linatokana na neno la hamu ya kucheza inayokuja ghafla. Waanzilishi wake ndio pia walioanzisha tamasha la jina hilo hilo huko Jinja, Uganda, mwaka 2015, pale mto Nile unapotoka katika ziwa hili. Inaniuma kidogo, nisiwafiche, kwamba singeli ilipita karibu yetu ikaenda kusifiwa ng'ambo ya maji kabla sisi wenyewe hatujaiheshimu.

Nageukia sasa suala la bando, kwa sababu najua mtaniuliza. Ni kweli kwamba kumtumia mtu kiungo cha video kunamlazimu atumie bando lake, na wengi wetu hatuna bando la kutosha. Ndiyo maana tunapeana mafaili kwa WhatsApp au kwa waya. Siwalaumu. Nilifanya kazi hiyo. Lakini ukimpelekea msanii mtazamaji mmoja pale alipoiweka video yake mwenyewe, namba hiyo inamfaa, wakati ukiipakua na kuipandisha upya kwenye ukurasa wako, watazamaji wote wanakuwa wako na yeye anabaki na sifuri. Hilo la pili naomba tuliache kabisa. Kwa mwenzako asiye na bando, mtumie faili, ila ulitume kama dokumenti ili picha isibanwe ikawa na ukungu, usiikate sehemu ya mwisho yenye majina, na usibadili jina la faili. Katika video ya karabai mtu aliyekodisha mitumbwi ametajwa, na mzee aliyewafundisha kuwasha karabai ametajwa. Wapo kwenye sekunde tisa za mwisho, zile zile ambazo watu huzikata.

Na msisubiri video peke yake. Kila nikipita Mwaloni, Kirumba, nasoma maandishi ya mitumbwi, majina na methali zilizochorwa kwa brashi ubavuni, na nimeanza kuyapiga picha kwa ruhusa ya wenye mitumbwi, kwa sababu rangi ile haidumu misimu mingi. Kuna fundi mmoja pale ambaye herufi yake ya R ina mkia unaozunguka hadi chini ya neno zima. Ukishaioneshwa mara moja, utamtambua kwenye mitumbwi ya Ukerewe na ya Sengerema. Mapazia ya studio za picha za zamani, yale yaliyochorwa ndege na maghorofa, nayo yanachakaa kwenye mabohari. Mkiyaona, mpelekee mtu mmoja, mwambie umeona nini.

Mtu mmoja, nasema, si watu mia mbili. Ukimfikiria mtu mmoja utajua ni kitu gani kinamfaa na utapata neno la kumwandikia. Ukifikiria watu mia mbili utaandika "cheki hii" basi.

Mwenyekiti ananionesha saa, na fundi wa projekta yuko tayari, kwa hiyo nifungue kwa kadi ya salamu. Video ya kwanza jioni hii haimo kwenye karatasi mliyopewa, kwa sababu ruhusa ya mwenyewe nimeipata juzi tu. Ilitoka kwenye memori kadi ya dereva wa daladala wa Buzuruga aliyekuwa ameihifadhi kwa zaidi ya miaka kumi, na faili lake lilikuwa bado linaitwa "Kali Mpya 212". Nimeliandika jina upya, lote, la msanii, la wimbo, la prodyuza, na la wenzake watatu waliovaa magunia. Litaonekana kabla ya picha ya kwanza na litarudi mwishoni, nami naomba mlisome kwa sauti.

Inatoka kwangu, nikiwa hapa Mwanza. Imfikie kwanza mwenyewe, aliyeketi kiti cha tatu kutoka ukutani upande wa mlango. Imfikie mkewe na binti yao, ambaye hajawahi kuiona. Iwafikie wote waliousikia wimbo huu kwenye daladala na saluni bila kujua ni wa nani. Ujumbe: anapofika kwenye jiwe la juu kabisa, msimwangalie yeye, mwangalieni mwenzake wa kushoto anavyomshika koti kwa nyuma ili asianguke.

Naomba taa zizimwe.